Hiyo siyo salsa, mjomba: kumbia ilitoka wapi, na ilifikaje kwenye santuri

Kwenye sendofu ya binti wa jirani yetu, zawadi zimeshatolewa na wazee wameanza kuangalia saa, dijei aliacha taarabu akaweka kitu kingine kabisa. Kodiani inalia juu, ngoma zinatembea chini, na katikati kuna kitu kinakwaruza bila kupumzika, kama mtu aliyekalia mbuzi anakuna nazi za wali wa watu mia mbili. Mjomba, ambaye ujana wake uliishia kwenye madansi ya Kariakoo, alinyanyuka kitini akaanza kupiga makofi. "Salsa hiyo!" Shangazi akambishia kuwa ni rumba. Dijei, kijana wa miaka ishirini na ushee, akatugeuzia kompyuta yake tusome wenyewe: cumbia.

Ubishi haukuishia ukumbini. Kesho yake asubuhi, kwenye kundi la familia la WhatsApp, binamu mmoja alikuwa ameshatoa hukumu: neno hilo ni letu, limetokana na kitenzi "kumba", likavushwa bahari na watumwa, kwa hiyo muziki wenyewe ni wa Waswahili. Mwingine akaleta video inayoeleza kwamba wachezaji wa kumbia huburuta miguu kwa sababu mababu zao walicheza wakiwa wamefungwa minyororo. Wa tatu akasema hayo yote ni porojo, kumbia ni ya Meksiko. Nilijaribu kuwajibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika tatu, nikashindwa. Ndiyo maana naandika.

Neno moja, vitu vitatu

Kumbia ilizaliwa kaskazini mwa Kolombia, kwenye pwani inayotazama bahari ya Karibi na kando ya mto Magdalena unaomwaga maji yake huko. Hilo halina ubishi wa maana. Kinachovuruga watu ni kwamba jina hilo moja limebeba vitu vitatu, na kila anayebishana huwa anazungumzia kimoja akidhani mwenzake naye anazungumzia hicho hicho.

Kitu cha kwanza ni ngoma, kwa maana ile tunayoitumia tukisema "leo kwa mzee fulani kuna ngoma": mkusanyiko wa usiku, wapigaji katikati, watu wanawazunguka. Mkusanyiko huo pia unaitwa cumbiamba. Cha pili ni mapigo, namna maalumu ya kupanga ngoma ambayo mtu akishaizoea huitambua kwa sekunde chache. Cha tatu ni jina la biashara, neno ambalo makampuni ya santuri yalilibandika juu ya muziki mwingi wa pwani ya Kolombia ili uuzike, na ambalo baadaye nchi nyingine zikalichukua na kulibandika juu ya muziki wao.

Taarabu inaweza kutusaidia hapa. Kikundi kidogo cha Siti binti Saad, orkestra ya vinanda na fidla ya Unguja, na ile tunayoiita modern taarab yenye kinanda cha umeme na mipasho, vyote ni taarabu. Ukimuuliza mtu "taarabu ilianza lini?" lazima kwanza mkubaliane ni ipi. Kumbia iko hivyo hivyo, tena zaidi.

Ngoma ya uwanjani

Tuanze na ile ya uwanjani, kwani bila hiyo mengine hayaeleweki.

Ni usiku, katika mji mdogo wa mtoni kama El Banco. Wapigaji wamekaa au wamesimama katikati. Wanawake wanaingia wakiwa na sketi pana zinazofika chini, mkono mmoja umeshika pindo la sketi, mwingine umeinua fungu la mishumaa inayowaka. Wanaume wamevaa nguo nyeupe na kofia za ukindu, wanazunguka pembeni mwa wanawake, wanainama, wanavua kofia, wanajaribu kuwasogelea na kukwepeshwa na moto wa mishumaa. Hawagusani. Duara linazunguka kinyume cha saa. Na kwa asili, hakuna anayeimba: kumbia hii ya kale ilikuwa ya vyombo peke yake. Maneno yalikuja baadaye, na nitaeleza yalikujaje.

Vyombo vyenyewe ni ngoma tatu na filimbi. Ngoma ndogo inaitwa llamador, yaani "muitaji". Kubwa kidogo, yenye umbo lile lile la kupungua kuelekea chini, inaitwa alegre, "mchangamfu". Zote mbili hupigwa kwa mikono, ngozi yake imekazwa kwa kamba na vigingi vya mbao. Ya tatu, tambora, ni pana, ina ngozi pande mbili na hupigwa kwa fimbo, mara kwenye ngozi, mara kwenye ubao wa ubavuni.

Jaribu hili hapo ulipo. Piga mguu chini taratibu: moja, mbili, moja, mbili. Sasa piga kofi si pamoja na mguu bali katikati, mguu unapokuwa hewani. Hilo kofi ndilo muitaji. Kazi yake usiku kucha ni hiyo tu, kupiga pale ambapo mguu haupo, bila pambo wala madoido. Anayeipiga huonekana kama ndiye mwenye kazi rahisi kuliko wote, lakini akiteleza yeye, duara zima linakwama. Mchangamfu ndiye anayezungumza, anajibizana na miguu ya wachezaji, anachokoza. Tambora inatia uzito.

Filimbi zenyewe ziko za aina mbili, na hapa ndipo napenda kukawia. Katika vilima vya Montes de María, hasa mji wa San Jacinto, wanatumia gaita. (Huko Uhispania "gaita" ni chombo chenye mfuko wa ngozi kama kile cha Waskoti, kwa hiyo ukitafuta picha mtandaoni utachanganyikiwa. Hivi ni vitu viwili visivyojuana.) Gaita ya Kolombia ni bomba refu kama mkono wa mtu, linalochongwa kutoka kwenye mti wa kakati. Wanaondoa miiba na gamba, wanatoboa moyo wa mti, kisha wanaweka kichwa kilichofinyangwa kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na unga wa mkaa, cheusi tii. Juu ya kichwa hicho wanachomeka shina la unyoya wa bata, na hapo ndipo mdomo unapopuliza.

Gaita hupigwa mbili mbili, jike na dume. Jike lina matundu matano na ndilo linalobeba sauti ya wimbo. Dume lina mawili tu na linajibu kwa noti chache. Anayepiga dume hutumia mkono mmoja, kwa sababu ule mwingine unatikisa kayamba ya kibuyu. Mtu mmoja, vyombo viwili, na hakuna anayeona ajabu. Wakogi, wenyeji wa asili wa milima ya Sierra Nevada de Santa Marta, wana filimbi hizo hizo, nao pia wanazigawa jike na dume. Wao huziita kuisi.

Upande wa mtoni na karibu na mji wa Barranquilla wanatumia filimbi nyingine, caña de millo, kipande kifupi cha utete kinacholazwa kwa mlalo mdomoni. Ulimi wake unaotetemeka umechanwa kutoka kwenye utete huo huo, haukuongezwa. Sauti yake ni kali na ya kukwaruza, na aliyezoea nzumari ya harusi za pwani yetu hatashtuka.

Afrika iko wapi hapo?

Iko, na si kidogo, ila tusiharakishe.

Cartagena ilikuwa moja ya bandari kuu ambako Wahispania walishushia Waafrika waliotekwa, kwa zaidi ya karne mbili. Wengi walitoka upande wa Kongo na Angola, wengine Afrika Magharibi. Baadhi walitoroka na kujijengea vijiji vyenye ngome msituni. Kilichodumu na kupata jina kubwa kuliko vyote ni San Basilio de Palenque, ambacho masimulizi yake yanamtaja kiongozi Benkos Biohó, mwanzoni mwa karne ya 17. Watu wa huko hadi leo wana lugha yao, mchanganyiko wa Kihispania na Kikongo. Mswahili akiisikia kwa mara ya kwanza anaweza kusimama kidogo: ng'ombe wanamwita "ngombe", mtoto ni "moná", na wakitaka wingi wanatanguliza "ma". Mnamo 2005 UNESCO ilikitangaza kijiji hicho kuwa urithi wa dunia usioshikika.

Basi binamu yangu ana haki ya kufurahi? Kwa nusu. Undugu wetu na Palenque unapitia Kikongo, lugha ya Kibantu kama ilivyo ya kwetu. Haupitii Kiswahili, na haukupandia meli Zanzibar. Kuhusu neno "cumbia" lenyewe, wataalamu hawajakubaliana. Wapo wanaolihusisha na maneno ya Kikongo yanayotaja ngoma au makelele ya sherehe. Wapo wanaolitoa kwenye "cumbé", jina la mchezo wa Weusi ambalo tayari watunzi wa gitaa wa Uhispania walikuwa wakilitumia katika karne ya 18. Kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi. Sisi wenyewe tuna "kumbwaya", ngoma ya kupunga pepo, tuna "kumbi" la jando, tuna "kumba". Nikitaka naweza kuchukua lolote kati ya hayo nikatunga historia nzuri kabla chai haijapoa.

Ukisoma maelezo ya kitalii utakuta mlinganyo: ngoma za Mwafrika, filimbi za mwenyeji, mavazi na lugha ya Mhispania, vikakutana, kumbia ikazaliwa. Mlinganyo huu si uongo, ila ni nadhifu mno. Jenerali mmoja wa Kolombia, Joaquín Posada Gutiérrez, aliyechapisha kumbukumbu zake mwaka 1865, anaeleza sherehe za Bikira wa Candelaria alizoziona Cartagena: Weusi wakicheza kwa ngoma zao, wenyeji wa asili wakicheza kwa gaita zao, kila kundi mahali pake, na matajiri ukumbini na muziki wao. Kukutana kwao kulichukua vizazi, kulitokea vijijini na mashambani ambako hakuna jenerali aliyekuwa akiandika, na hakukuwa na siku moja ya kuzaliwa. Hata filimbi zenyewe hazikai vizuri kwenye mlinganyo huo. Gaita ni ya wenyeji, sawa. Lakini ile ya utete inafanana sana na filimbi za Wafulani wa Afrika Magharibi, jambo lililomfanya mtafiti George List, aliyefanya kazi katika kijiji cha Evitar miaka ya 1960, aitilie shaka hadithi ya kwamba filimbi zote zilitoka kwa wenyeji.

Na ile minyororo? Ni hadithi inayopendwa kwa sababu inauma na inaeleweka haraka. Ushahidi wa kuibeba ndio hauonekani. Mimi naona jibu la karibu zaidi liko mkononi mwa mchezaji mwanamke: ameinua fungu la mishumaa inayowaka. Akirukaruka, nta ya moto itamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Hatua fupi ya kuburuza, mwili wa juu ukiwa umetulia, ndiyo inayouweka moto mahali pake. Tena mwanamume wa kumbia haburuti miguu kama mfungwa, anazunguka, anainama hadi chini, anachezesha kofia. Mateso ya watumwa wa Cartagena yalikuwa ya kweli, na hayahitaji kuongezewa hatua za dansi ili yaaminike.

Santuri ya kwanza ni ipi?

Swali hili huulizwa sana, na ndilo linaloonyesha vizuri zaidi tatizo la jina moja kubeba vitu vitatu.

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi, kwa sababu Zanzibar hapakuwa na mtambo. Mwaka mmoja baadaye, kwa sababu ile ile, mpiga piano kutoka pwani ya Kolombia, Ángel María Camacho y Cano, alikuwa New York akirekodi kwa kampuni ya Brunswick. Alibeba miziki ya kwao ya porro, mapalé, puya na mingineyo na kuipanga kwa vyombo vya ukumbi. Hizo ni miongoni mwa sauti za mwanzo kabisa za muziki wa pwani ile kukamatwa kwenye santuri. Lakini hakuna kakati hapo wala nta ya nyuki.

Mwaka 1934 Antonio Fuentes, kijana wa familia yenye uwezo wa Cartagena, alianzisha Discos Fuentes, kampuni ya kwanza ya santuri nchini Kolombia. Baadaye Barranquilla ikapata zake, Discos Tropical ikiwamo. Sasa muziki wa pwani ungeweza kurekodiwa pwani. Ila muziki gani? Wenye pesa za kununua gramafoni waliziona ngoma za uwanjani kuwa za washenzi, neno ambalo na sisi pwani yetu tuliwahi kulitumia vibaya vivyo hivyo kwa ngoma za bara. Kilichoingia studio kilikuwa kimeogeshwa kwanza.

Mwogeshaji mkuu, na nasema hivi kwa heshima, alikuwa Lucho Bermúdez. Alizaliwa 1912 Carmen de Bolívar, mji uliopo vilimani jirani na San Jacinto, kwa hiyo gaita alizisikia tangu utotoni. Alikuwa mpiga klarineti. Akachukua wimbo wa gaita akaupa klarineti, akaweka tarumbeta na saksafoni nyuma yake, akawavalisha wapigaji suti, akamweka mbele mwimbaji Matilde Díaz, na muziki uliokuwa hauruhusiwi kukanyaga zulia ukaingia kwenye klabu za Bogotá na mahoteli ya Medellín. Mnamo 1946 alikwenda Buenos Aires na kurekodi makumi ya nyimbo kwa kampuni ya santuri ya RCA Victor akitumia wanamuziki wa Ajentina. Wapo wanaomlaumu kwamba aliuchuja Uafrika. Mimi nadhani bila yeye nisingeisikia kumbia Dar es Salaam, lakini sikatai kwamba mpiga muitaji wa San Jacinto hakulipwa hata senti.

Sasa, sikiliza jambo hili. Santuri nyingi za miaka ya 1940 haziandikwi kumbia. Zinaandikwa porro. Porro ni ndugu wa kumbia, wa pwani ile ile, mwenye tabia ya kupigwa na bendi za matarumbeta, na wakati huo ndilo lililokuwa jina lenye soko. Nyingine ziliandikwa "gaita", jina la filimbi likiwa limegeuzwa kuwa jina la mtindo. Kwa hiyo anayetafuta "kumbia ya kwanza" kwa kusoma karatasi iliyobandikwa katikati ya santuri atafika penye neno, hatafika penye mapigo. Na anayetafuta mapigo atakuta yameandikwa majina mengine.

Jina la kumbia linaanza kupanda miaka ya 1950. Mwaka 1951 mpiga kodiani Luis Enrique Martínez alirekodi "La cumbia cienaguera", yaani kumbia ya mji wa Ciénaga. Wimbo huo ni kesi ya mahakama ndani ya dakika tatu: sauti yake inahusishwa na Andrés Paz Barros, maneno ni ya Esteban Montaño, na umaarufu ukaenda kwa kodiani ya Martínez. Kodiani yenyewe ilikuja kwa meli kutoka Ujerumani kuelekea mwisho wa karne ya 19, ikaenea kwa wachunga ng'ombe na wachuuzi. Hapa kuna mkanganyiko mwingine wa kuondoa haraka: kodiani ya Kolombia hupigiwa pia vallenato, muziki wa masimulizi wa eneo la Valledupar. Vallenato ina mitindo yake minne, na kumbia haimo. Wapigaji wengi walipiga vyote viwili, ndiyo maana watu huvichanganya.

Kile kinachokuna nazi, kilichonifanya niandike yote haya, kinaitwa guacharaca. Ni kipande cha utete au mti chenye mikato mingi ubavuni, kinakwaruzwa kwa uma wa waya: chaaa-chaka, chaaa-chaka. Kilishikamana na kodiani, na kwenye vikundi vya kodiani kikachukua kazi ya kayamba.

Halafu ukaja wimbo ambao Wakolombia wengi huuchukua kama wimbo wa taifa wa pili, "La pollera colorá", sketi nyekundu. Juan Madera, mpiga klarineti katika orkestra ya Pedro Salcedo, alitunga sauti bila maneno. Wilson Choperena, mwimbaji wa orkestra hiyo hiyo, akaweka maneno. Ulirekodiwa kuelekea 1960, na ubishi wa nani hasa mwenye wimbo ukadumu miaka mingi. Niliahidi kueleza maneno yaliingiaje kwenye muziki usiokuwa na maneno: yaliingia hivyo. Duara la uwanjani halihitaji mwimbaji kwa sababu lina moto na sketi. Redio haina moto wala sketi, kwa hiyo inamtaka mtu wa kuzitaja.

Wakati huo Fuentes alikuwa ameshahamisha kampuni, mwaka 1954, kutoka Cartagena kwenda Medellín, mji wa viwanda wa milimani. Kuanzia hapo mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1960 akaunda bendi ya Sonora Dinamita chini ya mwimbaji Lucho Argaín. Mwaka 1961 akaanza kutoa kila Desemba mkusanyiko wa nyimbo za kuchezea, "14 Cañonazos Bailables", mizinga 14 ya dansi. Bendi ya Los Corraleros de Majagual ikachanganya kodiani na matarumbeta kwa vurugu tamu. Vijana wa Medellín wasioijua bahari wakaanza kupiga kumbia nyepesi ya kinanda na gitaa la umeme, na watu wa pwani wakaidhihaki kwa kuiita chucu-chucu, wakiigiza sauti ya mkwaruzo.

Na wale wa San Jacinto? Gaita na ngoma zenyewe zilipata nafasi nzuri ya kurekodiwa baada ya orkestra kuwa zimeshatajirika. Ndugu wawili, Delia Zapata Olivella, mchezaji na mtafiti, na Manuel, daktari na mwandishi, waliwachukua wapigaji wa vijijini, akiwamo Toño Fernández wa San Jacinto, wakawazungusha Ulaya, Urusi ya Kisovieti hadi China katika miaka ya 1950. Ndipo Kolombia yenyewe ilipogeuka kuwatazama. Tuzo ya Latin Grammy waliyopata Los Gaiteros de San Jacinto, kikundi cha wapiga gaita wa mji huo, mwaka 2007 ilikwenda kwa muziki uliotangulia kuwapo na ukachelewa kurekodiwa. Nakala iliingia studio kabla ya asili.

Ikasafiri, ikabadili nguo

Aliyesema kumbia ni ya Meksiko hakukosea kabisa. Mwimbaji wa Barranquilla, Luis Carlos Meyer, alihamia huko miaka ya 1940 na kurekodi muziki wa kwao na orkestra za huko. Baadaye Meksiko ikaifanya kumbia iwe yake, kiasi kwamba mji wa Monterrey uliwatoa mabingwa wa kodiani kama Celso Piña, mtu ambaye hakuzaliwa Kolombia. Huko huko ndiko kulikoanzia kumbia ya kupunguzwa kasi, ambayo kwa masimulizi ya mwenye mtambo mmoja wa muziki ilianza pale mashine yake ilipopata moto kupita kiasi usiku wa sherehe, ikaanza kuvuta sauti taratibu, na watu wakapenda.

Ajentina ilipata Los Wawancó, kundi la wanafunzi wa kigeni, mwaka 1955. Peru ilipata bendi ya Los Destellos ya mpiga gitaa Enrique Delgado, waliohamishia wimbo kwenye gitaa la umeme, na kumbia ikapanda milima ya Andes na kushuka Amazoni. Panama inayo kumbia yake ya zamani, na si ya kuazima, kwani hadi 1903 ilikuwa sehemu ya Kolombia.

Santuri za kutoka kwetu nazo zilifika kwao. Kuanzia miaka ya 1970 mabaharia na wafanyabiashara walipeleka Cartagena santuri za Kiafrika, soukous ya Kongo ikiwamo, zikapigwa mitaani kwenye maspika makubwa yanayoitwa picó. Mitaa ya Weusi ikazipenda, ikaanza kupiga za kwake, na muziki huo ukaitwa champeta. Mbilia Bel, mwimbaji wa Kongo ambaye shangazi yangu anamjua kwa moyo, ana mashabiki Cartagena wasiojua neno hata moja la Kilingala. Hiyo ni champeta, siyo kumbia. Nimeitaja kwa sababu binamu alitaka ushahidi wa Afrika, na huu una tarehe.

Basi salsa ndiyo ipi?

Salsa ilikuzwa New York kutokana na mitindo ya Kuba, son hasa. Ndani yake kuna mapigo matano ya vijiti, matatu na mawili, ambayo kila chombo kinapaswa kuyatii hata kama vijiti vyenyewe havisikiki. Kumbia haina sheria hiyo. Yenyewe ina mguu na kofi la katikati, inatembea kama mtu aliyepanda punda, haijikunji. Rumba ya Kongo aliyoitaja shangazi ni mtoto mwingine wa Kuba, na jibu lake ni hilo hilo.

Dijei alinitumia wimbo wenyewe juzi. Haukuwa wa Kolombia, ni wa kikundi cha Meksiko, wa miaka ya karibuni, wenye ngoma za umeme. Niliuweka masikioni nikautafuta muitaji. Sikumsikia. Nikarudia. Mara ya tatu nikamkuta: amegeuzwa kuwa kinanda, noti mbili fupi fupi za mkono wa kulia, zinaguswa kila mguu unapokuwa hewani, kwa dakika nne bila kubadilika. Nikafungua video aliyoichukua binamu ukumbini, nikamtazama mjomba. Anapiga kelele "salsa, salsa", kofia imemkaa upande, na makofi yake yote yanaangukia pale pale.